Kidole cha Usalama

"Jicho hili," Jicho alipenda kusema, huku akifumba la pili ili la kwanza lipate nafasi ya kutamba, "halijawahi kukosea hata kwa upana wa unywele. Wengine wanapima. Mimi naangalia tu."

Mteja akionyesha dalili za kutoamini, alishikwa mkono akatolewa nje ya karakana, akaonyeshwa kibao cha bati kilichoandikwa kwa rangi nyekundu: JICHO HALIPIMI. MAGETI, GRILI, MILANGO. Kibao chenyewe kilikuwa kimeinamia kushoto kama mtu anayesikiliza umbeya wa jirani, lakini kwa kuwa Jicho alikipachika mwenyewe, kwa jicho lake mwenyewe, karakana nzima ilikubaliana kwamba ni barabara ndiyo iliyojengwa upande.

Karakana nzima, maana yake watu watatu. Jicho, mwenye jina na mwenye sauti. Mkewe, ambaye alipokea wateja, akanunua chuma, akawatuliza wenye haraka na kuwakumbusha waliojisahau, na ambaye kwa sababu hizo zote aliitwa msaidizi. Na shemeji, mdogo wake huyo mke, mkataji wa chuma, mtu wa mikono mipana na maneno haba. Huyo angeweza kushinda kutwa nyuma ya grenda, cheche zikimrukia kifuani, na jioni ukimuuliza siku ilikwendaje akakujibu, "Mh."

Kazi ilikwenda hivi. Jicho alifika kwa mteja mikono mitupu, na hayo peke yake yalikuwa maonyesho. Alisimama mbele ya mlango, miguu ameitanua, jicho moja kalifumba, ncha ya ulimi imechungulia pembeni mwa mdomo. Watoto wa nyumba walinyamaza. Kisha alitamka upana na urefu kama hakimu anayesoma hukumu, akakaza kofia yake ya turubai, akarudi karakanani kumwambia shemeji akate.

Ila njiani, kabla hajafika, aliongeza upana wa kidole. Kimoja kwenye upana, kimoja kwenye urefu. Kidole cha usalama, alikiita kimoyomoyo, maana fundi aliyemfundisha kazi alimkanya kwamba chuma kilichozidi unaweza kukisaga, lakini kilichopungua hakina dawa. Na kwa kuwa milango yake iliingia kwenye kuta bila ugomvi mwaka baada ya mwaka, Jicho alihitimisha kwamba jicho lake huona pungufu kwa kidole kimoja kamili, si zaidi, si chini. Yaani hata kukosea, alikosea kwa usahihi.

Mambo yangeendelea hivyo mpaka uzeeni kama ng'ambo ya barabara lisingefunguliwa duka la mageti yanayokuja tayari kwenye maboksi. Yana maua. Yana ndege. Yana jua linalochomoza kwenye vilima. Wateja wakaanza kuvuka barabara. Mwanzoni walivuka wameinamisha vichwa kwa aibu. Baadaye walivuka wakimpungia mkono.

"Watu wanataka maua," mkewe alimwambia.

"Mimi nakunja nondo ikawa ua."

"Ulimkunjia moja yule mama wa duka la vitambaa. Aliniuliza kwa nini tumemwekea pweza."

Jicho akanuna. Mkewe hakuwa na muda wa kunung'unikiwa. Alikuwa ameshaingia kwenye mafunzo ya kuchora kwa kompyuta, na siku moja alirudi na habari kwamba kuna mashine inayokata chuma kwa mwanga.

"Kwa kitu gani?"

"Kwa mwanga. Inaitwa leza."

"Hata jua ni mwanga," Jicho alisema. "Limenipiga utosini tangu nizaliwe, na bado niko mzima, sijakatika hata sikio."

Mashine ilikuja hata hivyo, mtumba kutoka kiwanda kilichokuwa kinafungwa, imenunuliwa kwa akiba ya mke na ya shemeji. Ilibidi mabati ya mbele yang'olewe ndipo iingie. Ilikuwa meza ndefu kama kitanda cha jitu, na juu yake kichwa kidogo kinachotembea kwenye reli. Unachora kwenye kompyuta, unalaza bamba la chuma mezani, kichwa kinashuka, kinavuma, na popote kinapopita chuma kinaachana. Mke akaijaribu kwa kuchora jani. Lilipokatika, shemeji aliliokota, akapitisha kidole gumba ukingoni, na siku hiyo akasema sentensi nzima.

"Halichomi hata kidogo."

Jicho akalichukua jani, akaligeuza huku na huku akitafuta kasoro. Hakuipata, na hilo likamuuma kuliko kama angeipata.

"Sasa vipimo itaambiwa na nani?" aliuliza.

"Na wewe," mkewe alisema. "Nani mwingine?"

Kifua kikamvimba tena. Kumbe kitanda cha jitu kilikuwa kipofu, na kimeletwa kumtafuta mwenye jicho!

Kazi ya kwanza ikawa mlango wa mbele wa mama mkwe. Mke aliichagua kwa hesabu zake. Mama yake alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama ambao wote wana nyumba, na nyumba zote zina milango, na kila mmoja humwiga mwenziwe kwa siri. "Mlango wa mama ukikubali," alimwambia mumewe, "tuna kazi ya kutosha. Ukikataa, maboksi ya ng'ambo yatatumeza wazimawazima."

Jicho naye alikuwa na hesabu yake. Siku alipopeleka posa, mama huyohuyo alimtazama kuanzia kofia hadi viatu, akamnong'oneza bintiye kwa sauti iliyofika hadi barabarani: "Ndiye huyu wa kukisia?" Tangu hapo Jicho alikuwa akiomba mlango mmoja tu wa kumjibia.

Akaenda kupima, yaani kuangalia. Tatizo, mama mkwe alikuja kusimama katikati ya mlango, mkono kiunoni, kumtazama anavyotazama. Jicho hakuweza kumkodolea macho mama mzazi wa mkewe, na hakuweza kumwambia apishe. Basi aliangalia mlango kwa kupitia pembeni, juu ya bega la mama, kama mtu anayesoma gazeti la jirani. Akatamka kipimo. Njiani akaongeza kidole, na kwa heshima ya mkwe, kikawa kidole kinene.

Siku ya kufunga, baraza la mama mkwe lilipangwa viti kama ukumbi wa mkutano. Wenzake wa kikundi walikuja wote, na waliokuwa na miadi ya hospitali waliiahirisha. Bamba lilikuwa zuri, lazima tuseme ukweli. Majani yalipishana kutoka juu hadi chini, membamba, mepesi, yakifika mpaka kwenye ncha za ukingo. Jicho na shemeji wakaliinua, wakalisogeza mlangoni.

Likagonga.

Wakarudi nyuma, wakalisogeza tena, safari hii kwa adabu. Likagonga tena, kwa adabu ileile.

"Limekataa?" aliuliza mama mmoja wa mstari wa mbele.

"Halijakataa," Jicho alisema. "Linazoea."

Akalisukuma kwa bega. Kipande cha plasta kikadondoka, kikamwangukia shemeji kwenye kiatu. Shemeji akakitazama kama mtu aliyekitarajia.

"Mkwe," mama mkwe alisema taratibu, "kuna nini?"

"Ni ukuta, Mama. Kuta zina tabia ya kuvimba. Hasa kipindi hiki."

"Kipindi kipi?"

Jicho akaangalia angani kutafuta kipindi. "Hikihiki."

"Nyumba hii niko nayo kabla sijakujua wewe," mama mkwe alisema. "Mimi mwenyewe nimenenepa humu, nikakonda, nikanenepa tena. Yenyewe sijawahi kuiona ikinenepa."

Baraza likaangua kicheko. Mmoja alicheka mpaka kiti kikamlalamikia. Jicho, masikio yanamwaka moto, akaomba grenda.

"Utasaga wapi?" mama mkwe aliuliza.

"Ukingoni tu, Mama. Kidole kimoja."

"Ukingoni kuna majani."

"Yatapungua kidogo."

"Yaani uje nyumbani kwangu unikatie majani vichwa, wageni wakitazama?" Akavuta pazia la zamani, akalirudisha mahali pake, likafunika mlango wote. "Chukua chuma chako, mkwe. Mimi na pazia langu hatujagombana."

Karakanani, mke akageuza kioo cha kompyuta. "Hiki ndicho ulichoniambia. Na hiki ndicho ilichokata. Haikuongeza, haikupunguza."

"Basi mashine yako haina akili!" Jicho aliwaka. "Angekata shemeji, ungeingia!"

Shemeji alikuwa anakagua kamba za viatu vyake.

"Mh," alisema.

"Mh nini?"

"Kweli ningekata mimi ungeingia. Ningetoa kidole."

"Kidole gani?"

"Hicho unachoongezaga njiani."

Jicho alihisi kofia imembana. "Unakitoa tangu lini?"

"Tangu wiki ile ya kwanza, shemeji. Nilichoka kusaga. Usione ni heshima, ni uvivu tu."

"Kwa hiyo jicho langu..."

"Jicho lako siku nyingine linapatia," shemeji alisema kwa moyo mweupe.

"Siku nyingine!"

"Zile ambazo halipatii, nilikuwa napitia kwa mteja jioni na tepu."

Jicho akakaa juu ya pipa tupu la mafuta. Mkewe alikuwa amegeukia ukutani, mabega yanamtikisika. Analia au anacheka, Jicho hakutaka kujua.

"Nani mwingine anajua?" aliuliza hatimaye.

"Hakuna."

"Basi ibaki hivyohivyo."

Lile bamba lililokataliwa lilikuwa linaziba njia, kila anayepita analipiga teke, kwa hiyo mke akalitoa nje na kulitundika kwenye nguzo karibu na barabara. Hakuwa na nia yoyote zaidi ya kuokoa vidole vya miguu. Lakini jua la mchana lilipolipitia, majani yote yakaanguka chini kwa kivuli, yakatandazwa njiani, na watu wakaanza kupunguza mwendo ili wasiyakanyage. Wa kwanza kuingia alikuwa mwenye mgahawa, akitaka bamba kama hilo la kutenganisha meza zake. Akafuata fundi seremala aliyetaka miguu ya chuma kwa ajili ya viti. Mtengenezaji wa mashine za kusaga nafaka akaja na mchoro wa chekeche lenye matundu madogo kama usingizi wa kuku. Wakaja wenye majina ya maduka, wenye namba za nyumba, wenye vipuri vilivyovunjika ambavyo havipatikani tena popote. Mpaka yule jirani wa ng'ambo, mwenye maboksi, alivuka barabara ameficha bawaba iliyokatika ndani ya gazeti.

"Hii inawezekana?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Subiri zamu," shemeji alimwambia. Leza ilikuwa imemfungua mdomo.

Karakana ikapanuka, mabati yakasogezwa, vijana wawili wakaajiriwa kwa ajili ya kuchomelea. Kitu kimoja tu kilikwenda vibaya. Wateja wote hawa walikuja na vipimo vyao. Jicho aliwapokea getini, akatanua miguu, akafumba jicho, ulimi ukachungulia. Nao wakampita wakamkabidhi mkewe karatasi.

"Vipimo vimo humu, mzee," walimwambia.

Mzee! Hata mvi hazijafika masikioni!

Zikapita wiki Jicho hana kazi isipokuwa kufagia vumbi la chuma na kuwaeleza wapita njia mambo ambayo hawakuuliza. Ndipo mkewe, asubuhi moja, alipotazama kibao cha nje kwa muda mrefu zaidi ya kawaida.

"Baba watoto, kibao hiki hakisemi tunachofanya. Nataka tuandike KUKATA CHUMA KWA LEZA."

"Na Jicho?"

"Jicho halikati."

Uso ulivyomshuka mumewe, mke akaingiwa na huruma, ingawa si huruma ya kupitiliza. "Sikiliza. Mama bado amekaa na pazia. Na amesema mlango atauchukua kwa sharti kwamba upime wewe mwenyewe, siyo mimi, siyo mdogo wangu. Mlango ukiingia, jina lako linabaki juu pale mpaka ufe. Ukigonga tena, kibao ni cha mashine."

"Utaingia," Jicho alisema.

"Na kidole?"

"Hakuna kidole!"

Mchana mmoja, siku ambayo kikundi cha akina mama hukutana, Jicho alifungua droo ya shemeji, akachomoa ile tepu ya chuma ya kujikunja, akaiweka utosini na kuifunika kwa kofia. Akatembea shingo imenyooka kama amebeba mtungi, akapitia njia za nyuma mpaka nyumbani kwa mama mkwe. Alipiga hodi ya chini kabisa, ile ya mtu anayeomba asiitikiwe. Hakuitikiwa. Nyumba kimya, pazia limening'inia.

Akaitoa tepu kofiani. Sasa, tepu ndefu ni chombo cha watu wawili, mmoja ashike ncha na mwingine asome namba. Kwa miaka yote ya kuidharau, Jicho hakulijua hilo. Aliiingiza ncha nyuma ya pazia, akaibana kwenye kona ya ukuta, akavuta. Ncha ikachomoka, ikarudi mbio kama ulimi, ikamng'ata kidole. Akairudisha. Ikachomoka tena, ikampiga kwenye pua. Jasho likaanza kumtiririka. Akatazama barabarani, hakuna mtu. Akaisukuma ndani kwa mara nyingine, mbali zaidi. Ikashika.

Akavuta kidogo. Imeshika kweli.

"Ahsante, msumari," alinong'ona kwa moyo wote.

Akasoma upana wa katikati. Akapima juu, na huko juu nako kulikuwa na msumari. "Ahsante." Akachuchumaa, akapima chini, na chini vilevile. "Ahsante sana." Ama kweli, aliwaza, mama mkwe ana nyumba yenye misumari ya maana. Urefu aliupata mwenyewe kwa kuning'iniza tepu kutoka juu. Mkono wake wa kulia ulitaka kuongeza kidole. Akauchomeka mfukoni ukae huko na adabu. Kalamu hakuwa nayo, kwa hiyo alirudi akizirudia namba midomoni, na watu waliomsalimia njiani hawakupata jibu. Wakasema utajiri umeanza kumpanda kichwani.

Siku iliyofuata, mbele ya viti vilevile na akina mama walewale, akatokea mikono mitupu. Mama mkwe safari hii alikaa kitini. Jicho akatanua miguu. Akafumba jicho. Akatoa ulimi. Akaacha kimya kikomae, kisha akatamka upana, akatamka urefu, na mwishoni akatupia milimita kadhaa kama mtu anayeongezea chumvi.

"Hata milimita!" akina mama walipiga makofi.

Mama mkwe hakupiga. Alikuwa anaitazama kofia.

"Umeona vizuri, mkwe?"

"Nimeona, Mama."

"Bila kusaidiwa?"

"Jicho halisaidiwi, Mama."

"Haya," alisema mama mkwe.

Karakanani shemeji alimvuta pembeni. "Shemeji, hii ina kidole au haina?"

"Haina."

"Kweli haina? Maana nikitoa kidole ambacho hakipo..."

"Wewe una nini cha kutoa? Si mashine inakata!"

"Nauliza tu," shemeji alisema, akaenda kulaza bamba.

Mlango uliingia. Uliingia ukavuta pumzi ndogo, kama mtu anayejilaza baada ya kazi, ukatulia, majani yote na vichwa vyao. Akina mama wakasimama. Kabla jua halijatua, nusu yao walikuwa wameshamwita Jicho aende akaangalie kwao, na waliobaki walikuwa wanasubiri kuona rangi gani wenzao watachagua. Jicho alizunguka nyumba zote hizo. Kila alipofika aliomba nafasi ya faragha kidogo, akidai jicho linataka utulivu, na aliporudi barazani kofia yake ilikuwa imekaa upande mwingine. Tepu haikutoka tena kwenye kofia hiyo ila faraghani na usiku. Shemeji akanunua nyingine, wala hakuuliza.

Kwa hiyo kibao kilibaki, na mwaka ulipogeuka, ikaja mashine ya pili, mpya, bado ina nailoni. Mke akaamua waizindue. Wakaalikwa wateja, mafundi wenzao, wanafunzi wa chuo cha ufundi pamoja na mwalimu wao, na hata jirani wa ng'ambo, ambaye siku hizi maboksi yake yalikuwa na bawaba zilizokatwa hapa. Mgeni wa heshima alikuwa mama mkwe, kiti cha mbele, kitambaa cha kichwani kimepigwa pasi.

"Mume wangu atasema maneno machache," mke alitangaza, na kwa macho akamsisitizia hilo la machache.

Jicho akasimama. Akawaeleza jinsi yeye alivyokuwa wa kwanza kuona kwamba wakati wa mwanga umefika, na jinsi mkewe alivyohofia, akamtia moyo. Mke akainamisha kichwa. Akawaonyesha lile bamba la kwanza, bado limetundikwa kwenye nguzo, kivuli chake kimetandazwa chini.

"Lile," alisema, "wengi walidhani limekosewa. Nililikosea makusudi. Lilikuwa tangazo."

"Mh," alisema shemeji.

Mwanafunzi mmoja, msichana mwenye ovaroli iliyomzidi, akainua mkono. "Mzee, mashine hizi zinataka usahihi wa milimita. Vipimo kule kwa wateja mnavichukua na kifaa gani?"

Swali tamu! Jicho alilisubiri siku zote. Akafumba jicho moja.

"Kifaa ni hiki. Tangu nizaliwe sijashika tepu, na sitashika. Nendeni kwa mama mkwe wangu huyu mkaone. Mara ya kwanza mlango wake ulikataa, lakini si kosa langu. Ile nyumba, kwa heshima zote, ina ukuta mbovu. Umevimba, umepinda, hata sijui nani aliujenga. Nikarudi, nikaukazia jicho, jicho tupu, ukanyooka wenyewe."

Mama mkwe akasimama.

Angeweza kuvumilia mengi. Alikuwa ameshavumilia mwaka mzima. Lakini ukuta ule aliujenga marehemu mumewe, na mchanga wake aliuchekecha yeye.

"Mkwe," alisema, "hebu nikuulize. Mlangoni kwangu, nyuma ya pazia, kuna msumari?"

"Upo, Mama," Jicho alijibu upesi, akifurahi kuwa na la kujibu. "Upande wa kulia. Tena imara."

"Umeujuaje?"

Jicho lile lililofumbwa likafumbuka lenyewe.

"Hapana msumari pale," mama mkwe aliwaambia wageni. "Hapajawahi kuwa na msumari. Pazia langu linaning'inia kwenye waya." Akainua mkono, akawaonyesha kidole chake cha shahada. "Msumari ni huu. Siku hiyo kichwa kilikuwa kinaniuma, sikwenda kikundini, nimejilaza kwenye mkeka nyuma ya pazia. Mara naona kichuma kinaingia kama ulimi wa kenge. Kinatoka. Kinaingia. Namsikia mtu nje anahema. Nikamwonea huruma, nikakishika. Alipohamia juu, nikapanda kigoda. Aliposhuka chini, nikapiga magoti, na magoti yangu haya mnayajua. Lakini sitamsingizia, ana adabu. Kila mara alinishukuru."

Karakana ilicheka hadi mabati yakaitikia. Mwalimu wa chuo alijishikilia kwenye mashine mpya. Shemeji, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akicheka, alikaa chini kabisa kwa kicheko.

"Mama," Jicho alisema, akijikaza, "labda alikuwa mtu mwingine."

"Labda," mama mkwe alisema. "Vua kofia, mkwe."

Mkono wa Jicho ulipanda kuishika kofia ibaki palepale. Ulipanda kwa haraka mno, ukaigonga. Tepu ikateleza kutoka utosini, ikapiga sakafu, ikabingirika kwa mlio mwembamba katikati ya wageni mpaka miguuni kwa yule msichana wa ovaroli.

Akainama, akaiokota, akavuta ncha yake kwa vidole viwili mpaka ikanyooka.

"Nikushikie, mzee?"